Kovu la Nje na Kuvu ya Ndani

Ukutani kwangu zimetundikwa picha mbili za mwaka 1995. Ya kwanza ilipigwa Muleba na mwalimu mwenzangu, kwa kamera ambayo lenzi yake ilikuwa na mkwaruzo mrefu usoni. Nilimcheka. Ya pili niliipiga mimi, ufukoni Bukoba, kwa lenzi kuukuu lakini iliyong'aa. Leo nazihukumu upya, na mwenye hatia ni mimi.

Picha ya Muleba ni nzuri. Majani ya migomba yanahesabika, na suruali nyeusi ni nyeusi kweli. Mkwaruzo hauonekani popote, wala si muujiza. Kila sehemu ya picha hupokea mwanga uliopita katika eneo pana la lenzi. Mkwaruzo mmoja wa usoni huziba sehemu ndogo tu ya mwanga huo, tena uko karibu mno na kioo hata hauwezi kujichora kwenye filamu. Lau angalielekea jua, au lau mkwaruzo ungalikuwa nyuma, upande wa filamu, mambo yangalikuwa mengine.

Picha yangu ni dhaifu. Mji wa Bukoba uko magharibi mwa Ziwa Viktoria, hivyo asubuhi jua huchomoza juu ya maji. Nilimsimamisha kijana mmoja mbele ya ziwa, jua likinitazama usoni. Kumbe ndani ya lenzi mlikuwa na kuvu, nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, iliyolelewa na unyevu wa kwetu na mfuko wa ngozi usiopitisha hewa. Kuvu haizibi mwanga tu, bali huutawanya. Mng'ao wa ziwa ukamwagika juu ya picha nzima: nyeusi ikawa kijivu, na macho ya kijana yakapotea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo wasemao kwamba weupe wa namna hiyo huipa picha haiba ya kale. Sikubaliani nao. Kijana yule, mwanachuo wangu, alizama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, pamoja na mamia ya wenzake. Mama yake alipokuja kuomba picha, aliitazama kitambo, akauliza, "Mwalimu, mbona macho yake siyaoni?" Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu msomaji uliyerithi kamera ya mzee, usiitupe kwa sababu ya kovu la usoni. Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, mulika tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Ukiona utando, mwone fundi mapema, maana kuvu ikikaa huula uso wa kioo, na alama zake hazifutiki. Ukimkosa fundi, lipe jua kisogo na uikinge lenzi kwa kiganja.

Ningaliyajua hayo asubuhi ile, ningalimgeuza kijana yule hatua tatu tu.