Kuionja Kahawa ya Kijiweni

Kahawa ya kijiweni ni ya bei ya chini, na kwa sababu hiyo wengi huinywa bila kuionja. Wanaitaka iwaondolee usingizi, au iwape kisingizio cha kukaa kitako na kuendelea na mabishano ya mpira. Sifa zote wamezihifadhi kwa kahawa ya Kilimanjaro. Mimi naishikilia hii ya dele, na nasema anayeipika vizuri ni fundi kamili.

Unga ninaoununua sokoni ni mchanganyiko: robusta ndiyo nyingi, na arabika hutiwa kidogo tu kwa ajili ya harufu. Robusta ya Tanzania hutoka zaidi Kagera, ambako mibuni hukua kati ya migomba ndani ya vibanja vya familia. Wahaya waliijua buni hii kabla hakijajengwa kiwanda chochote. Waliyachuma matunda, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni akiingia nyumbani alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Hata wawili waliokula kiapo cha udugu waligawana punje mbili za tunda moja, zikiwa zimepakwa damu yao, kila mmoja akameza yake. Sioni namna ya kuiita kahawa ya namna hiyo kahawa duni.

Urahisi wa bei yake umetokana na ukarimu wa mti wenyewe. Robusta huzaa vizuri hata kwenye nyanda za chini, na inastahimili kutu ya majani, ugonjwa ulioingia Ceylon mwaka 1869 na kuyamaliza mashamba ya arabika ya kisiwa kile. Tena arabika ni uzao wake: robusta ilichanganyika na mbuni mwingine wa porini, eugenioides, ndipo arabika ikapatikana. Mwaka 2024, ukame ulipoibana Vietnam, bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani, na wanunuzi waliokuwa wakiichukulia kuwa ya kujazia gunia wakaanza kuihesabu upya.

Lakini ni chungu, na uchungu huo una sababu. Kafeini yake inakaribia mara mbili ya ile ya arabika, huku sukari na mafuta yakiwa pungufu. Kwa hiyo mkaangaji hana utamu wa kujifichia. Punje zake ni ndogo na za mviringo, na hazipati moto sawa na zile ndefu za arabika. Ndiyo maana mkaangaji makini hukaanga kila aina peke yake, akachanganya baadaye. Mwiko hautulii kaangoni. Buni hutoka kijani ikawa manjano, kisha hudhurungi, huanza kupasuka, moshi ukaongezeka. Hapo mkaangaji anasikiliza na kunusa zaidi ya kutazama. Akiiondoa mapema, kahawa itanuka nafaka mbichi. Akichelewa kidogo tu, atakuwa ametengeneza majivu, na hakuna tangawizi itakayoyafuta. Baina ya hayo mawili upo uchungu safi, unaoshika ulimi kwa nguvu na kuuachia. Kuupata uchungu huo siku baada ya siku, juu ya mkaa usio na kipimo cha joto, ni kazi ninayoiheshimu mno.

Kisha kuna dele. Mpishi mzuri huiacha ichemke, halafu hupunguza makaa ili mashapo yatue chini na kahawa ibaki ya moto bila kuendelea kupikika. Tangawizi kidogo naikubali. Iliki nyingi siipendi, kwa kuwa kikombe kinakuwa cha iliki. Na kashata naomba isubiri hadi baada ya kikombe cha kwanza, kwani ulimi uliokwisha kupata sukari hauwezi tena kuhukumu.

Wazee wa kijiweni huvuta kahawa kwa sauti, na vijana huona hiyo ni tabia ya kizee. Waonjaji wa kulipwa hufanya vivyo hivyo wanapopima kahawa za mnada: hewa inayoingia na funda huitawanya kahawa ulimini na kuipeleka harufu puani. Ivute basi ikiwa moto, nawe utakuta karanga zilizokaangwa, ukoko wa mkate, na uzito mdomoni ambao arabika nyingi hazina. Ivute tena ikiwa vuguvugu. Hapo ile arabika kidogo hujitokeza kwa uchachu mwepesi na kupotea.

Funda la baridi ndilo ninalolingoja zaidi, maana joto likiondoka hakuna kinachofichika. Kama mkulima alichuma matunda mekundu akayaanika juu ya mkeka, uchungu hubaki safi hadi mwisho, na nyuma yake huja ladha ya kakao. Kama yalichumwa mabichi kwa haraka ya fedha, au yakamwagwa ardhini yakaota ukungu, udongo na uvundo hujitangaza papo hapo. Ubaya mwingi ambao robusta imesingiziwa miaka yote hii ni wa uanikaji. Siku hizi nikienda kununua, kabla ya kuuliza bei, humuuliza muuzaji buni hiyo imeanikwa juu ya nini. Na asiyejua simnunulii.