Kwa nini shimo la Kuku lina umbo la nusu mwezi

Picha za eneo la Kuku zilizopigwa kutoka angani zimezunguka dunia: uwanda mwekundu wa kusini mwa kaunti ya Kajiado, Kenya, na juu yake nusu duara kwa maelfu, safu kwa safu, midomo yote imeelekea upande mmoja. Wengi huzisifu kwa uzuri wake, basi. Lakini kila nusu duara pale ni uamuzi kuhusu maji: yaingilie wapi, yatulie wapi, na yakizidi yatokee wapi. Pale Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, uamuzi wa aina hiyo hufundishwa kwa jina la usanifu wa mandhari. Huko Kuku ulifanywa kwa sururu na beleshi, mikononi mwa wafugaji. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora ya taaluma hiyo katika kaunti nzima, ukihesabu na bustani zote za mitaa yenye mageti ya Ngong na Kitengela, na sababu yangu haina uhusiano na picha.

Mashimo yalipoanza kuchimbwa, Kuku ilikuwa ardhi ya pamoja ya Wamaasai, takriban ekari 280,000, iliyo kati ya vilima vya Chyulu na Mlima Kilimanjaro, Amboseli ikiwa upande mmoja na Tsavo Magharibi upande wa pili. Shirika la Maasai Wilderness Conservation Trust limefanya kazi huko tangu 2000. Katikati ya miaka ya 2010 lilishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi kuanza kuchimba mashimo haya. Mvua za upande huo ni za kubahatisha. Amboseli hupata wastani wa milimita 350 hivi kwa mwaka, zikigawanywa kati ya masika na vuli, na mara nyingi sehemu kubwa huanguka katika siku chache tu.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ardhi iliyolishwa mpaka ikabaki tupu haipokei mvua ya namna hiyo. Tone likipiga udongo usio na nyasi, linavunja chembe zake, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likiwaka unabaki ukoko mgumu. Kwato za mifugo nazo hushindilia. Mvua inayofuata inateleza juu ya ukoko huo, inabeba mbegu, samadi na udongo wa juu, inaishia korongoni. Baada ya saa mbili mfugaji anatembea juu ya ardhi ambayo chini ya kidole kimoja ni kavu kabisa. Kwa hiyo mwenye kupanga kazi hakuwa na haja ya kuleta maji. Yalikuwepo, yanapita. Haja ilikuwa kuyachelewesha.

Mtu aliyelishikilia wazo hilo kwa ukaidi ni Peter Westerveld, msanii Mholanzi aliyekulia Afrika Mashariki, mmoja wa waanzilishi wa shirika lililokuja kuitwa Justdiggit. Alifariki 2014. Inafaa kukumbuka kwamba hakuja kama mhandisi wa maji. Alikuja na jicho la mchoraji, la mtu anayetazama mteremko mzima kwa pamoja. Katika miaka ya 2000 alijaribu upande wa Amboseli mitaro mirefu iliyofuata kontua, ikikatiza mteremko ili kila mtaro uzuie mtiririko uliotoka juu yake.

Wazo lilikuwa sahihi, ila mtaro mrefu una udhaifu wake. Unadai usawa kamili kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu moja ikiwa chini kwa upana wa viganja viwili tu, maji yote ya mtaro hukimbilia hapo, yanavunja ukingo, na badala ya kuzuia mmomonyoko umeuchimbia korongo jipya. Tena mtaro mrefu unataka mashine, mashine inataka dizeli na fundi, na vyote hivyo vinaondoka siku ufadhili ukiisha.

Nusu mwezi unachukua mtaro huo na kuukatakata vipande maelfu. Kipande kimoja kikikosewa, kinaharibika peke yake. Jirani zake wala hawajui. Hapo ndipo ninapouona ustadi wa kazi hii: umbo lilichaguliwa kwa kuwa linavumilia makosa ya mkono wa binadamu. Ukiwapa watu mia moja sururu kwenye jua la Kuku, makosa yatakuwepo, na mchoro mzuri ni ule uliokwisha kuyahesabu kabla hayajatokea.

Umbo lenyewe halikuzaliwa Kajiado. Niger na Burkina Faso wanalijua miaka mingi. Kenya nayo ilikuwa na matuta ya nusu duara Turkana kabla ya picha hizi. Mwongozo wa FAO wa kuvuna maji wa 1991, ulioandikwa na Will Critchley na Klaus Siegert, unayaeleza kwa vipimo. Tofauti yake ni hii: tuta la mwongozo ule ni kubwa, nusu kipenyo cha mita 6, na ni kingo za udongo tu juu ya ardhi. La Kuku ni dogo, mdomo wa mita 5 na kina cha mita 2.5 kutoka mdomoni hadi nyuma, na ni shimo lenye ukingo. Udongo unaochimbwa hurushwa upande wa chini wa mteremko. Aliyezoea matuta ya fanya juu ya Machakos ataona mara moja kwamba hapa udongo umeenda upande wa pili. Mwenye fanya juu hurusha udongo juu kwa sababu anataka shamba lijisawazishe lenyewe kuwa ngazi mwaka hadi mwaka. Mfugaji hana haja na ngazi. Anataka bakuli.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mjadala huu unabaki wa picha. Nusu duara ya vipimo hivyo ina eneo la mita za mraba 10 hivi. Tuseme wastani wa kina ni sentimita 10: shimo linabeba maji mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Tuseme kila shimo limeachiwa mita za mraba 40 za ardhi tupu juu yake, na nusu ya mvua inayoanguka hapo inateremka. Ikinyesha milimita 20, shimo lenyewe linapokea lita 200, na kutoka juu zinakuja lita 400. Jumla 600. Nyasi iliyo ndani ya shimo imenyeshewa kama milimita 60 siku ambayo uwanda wote ulipata 20. Sasa ije mvua ya milimita 40: hesabu inatoa lita 1,200, na shimo limejaa. Hizo 200 zilizozidi ziende wapi?

Jibu liko kwenye ncha. Ncha mbili za nusu mwezi lazima ziwe kwenye kontua moja na ziwe chini kidogo kuliko mgongo wa ukingo. Shimo likijaa, maji yanatoka taratibu kuzunguka ncha zote mbili, yanagawanyika, na kwa kuwa safu ya chini imepangwa kwa kupishana, kila mkondo unaangukia katikati ya mdomo wa shimo jingine. Mgongo ukiachwa chini kuliko ncha, maji yatapita juu yake na kuubomoa mvua ya kwanza. Ndiyo maana mgongo hukanyagwakanyagwa kwa miguu baada ya udongo kurushwa, na ncha hupunguzwa unene zikielekea ardhini.

Kupima usawa huo hakuhitaji vifaa vya mpima ardhi. Zana ya kawaida ya kazi za namna hii ni fremu ya A: miti miwili mirefu, mmoja wa kukatiza, uzi kutoka kileleni na jiwe limefungwa mwishoni. Unaisimamisha, unaweka alama uzi unapogusa mti wa kukatiza. Unabadilisha miguu, ule wa kushoto unakanyaga ulipokuwa wa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembeza fremu kando ya mteremko, mguu baada ya mguu, na kupiga kigingi. Inachosha, na kijana mwenye haraka atakadiria kwa macho. Uwanda mpana hudanganya macho vibaya sana, hasa mahali ambapo Kilimanjaro imesimama nyuma yako na kila kitu kinaonekana kuinama.

Kazi ya sururu nayo isichukuliwe kimzaha. Kila shimo ni karibu mita moja ya ujazo ya udongo, ambayo ni zaidi ya tani moja. Kwa mpangilio wa hesabu yangu ya juu, ekari moja inachukua mashimo 80. Waliochimba Kuku ni watu wa maboma ya hapo hapo, wanawake na wanaume, na walilipwa. Nalitaja kwa sababu miradi mingi ya mazingira hupenda kuita jasho la watu “ushiriki wa jamii”.

Shimo likishakuwa tayari, mbegu. Zilichaguliwa nyasi za kienyeji kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, ambazo mifugo huzila na mizizi yake inashika udongo. Ni uamuzi wa busara ukikumbuka yaliyowapata watu wa Baringo. Huko miaka ya 1980 uliletwa mti wa mathenge kutoka Amerika kwa nia njema ya kuni na lishe. Mti ukavamia malisho, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, na wakazi wakaenda mahakamani na mbuzi asiye na meno kama kielelezo. Kajiado nayo ina adui wake: magugu ya Ipomoea, ambayo hustawi kwenye malisho yaliyochoka na ng'ombe hawayataki. Shimo halichagui. Litanywesha gugu kama linavyonywesha nyasi, kwa hiyo palizi ni sehemu ya mradi.

Mbegu hizo hazipatikani kila duka la pembejeo. Kwa hiyo vikundi vya wanawake vya Kuku na vya Rombo jirani vilianzisha mashamba ya mbegu: nyasi inapandwa, inavunwa mbegu, mabua yanakatwa kuwa majani makavu ya kuuza wakati wa kiangazi.

Hata hivyo yote niliyoeleza mpaka hapa yangeweza kukanyagwa na ng'ombe wa boma moja katika asubuhi moja. Mstari ulio mgumu kuliko yote kuchora Kuku ni ule usioonekana kutoka angani: mpaka wa eneo lililofungwa. Wamaasai wana olopololi, kipande cha malisho karibu na boma kinachotengwa kwa ndama na wanyama dhaifu, na kila mtu anajua kwamba kundi kubwa haliingii humo. Kufunga eneo la mashimo ni kuikuza desturi hiyo kutoka kipande cha boma hadi mamia ya ekari. Nyasi hupewa misimu ya kuota na kuangusha mbegu, kisha mifugo inaruhusiwa kwa mpango, hasa kiangazi. Nani anaruhusu, lini, na ng'ombe wangapi, hayo yanaamuliwa na wenye ardhi wakiwa wamekaa chini. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ilipoanza Kuku ilikuwa bado ardhi moja.

Peleka michoro hiyo hiyo Kitengela uone. Ardhi ya pamoja ya huko iligawanywa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na vipande vikaendelea kukatwa mpaka ploti za futi hamsini kwa mia. Mteremko wa kilomita mbili sasa una wenye hati mamia, kila mmoja na ukuta wake, na maji hayasomi hati. Udongo nao ni mwingine: ule mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono na mvua zikishika huvimba na kuziba. Nusu mwezi ungegeuka kidimbwi cha mbu. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 20 linatoa lita 2,400, na kwa kawaida zinapita juu ya kabro hadi mtaroni huku mwenye nyumba akisubiri lori la maji. Kitengela ingeanzia kwenye paa na tangi. Vilima vya Ngong ni habari nyingine kabisa: mteremko ni mkali mno kwa mashimo haya, huko ni mistari ya mawe, ngazi na miti.

Nina lalamiko moja kuhusu jinsi kazi ya Kuku inavyosimuliwa. Hesabu inayotangazwa ni ya mashimo yaliyochimbwa. Shimo jipya ni la kupendeza, lakini mashapo huanza kuingia mvua ya kwanza tu, na baada ya misimu kadhaa bakuli limejaa. Si kasoro, mashapo hayo ndiyo udongo wa juu uliokuwa ukienda korongoni. Mwanzoni kinachotakiwa ni mtu wa kutembea safu kwa safu na beleshi baada ya kila mvua kubwa, kuziba mgongo uliopasuka na kusawazisha ncha. Baadaye ndipo pa kuangalia vizuri. Nyasi ikiwa imeshika na kuvuka ukingo hadi kwenye ardhi iliyo kati ya mashimo, shimo limemaliza kazi na halihitaji kuchimbwa tena. Ikiwa nyasi haijashika na shimo limejaa mchanga mtupu, kulichimba upya ni gharama ya bure mpaka ijulikane ni ng'ombe wa nani walioingia humo, na waliruhusiwa na nani.