Risiti ya Ndoo

Kila aliyesoma sheria ya familia hapa nchini anaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983. Tunaitaja kama ushindi: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Nami niliitaja hivyo shahada nzima ya kwanza. Hukumu yenyewe nimeisoma mwaka huu tu, nikiwa uzamili.

Bi Hawa hakupata kitu. Jaji Mkuu Nyalali anajenga hoja vizuri mno, hadi unaiona haki inakuja. Kisha anageuka: mume alikwishampa fedha za mradi wa familia, akazitapanya, basi fungu lake alishalila. Ingekuwa hadithi, ningesema mwandishi amemsahau mhusika wake palepale alipompa umaarufu. Nasi wanafunzi tunanukuu hoja, mwisho tunauruka. Huo ni usomaji mbovu, na ndio unaotupa alama nzuri.

Nimekulia Handeni. Mradi wa HTM huvuta maji ya Mto Pangani toka Korogwe, ila kijijini kwetu tulichota lamboni. Mama alitoka saa kumi alfajiri, hata akiwa na mimba ya mdogo wangu. Mgongo unamuuma mpaka leo. Nilipomsimulia kesi hii aliniuliza, "Sasa mwanangu, hakimu anahesabuje? Risiti ya ndoo nitaitoa wapi?"

Swali hilo linaigusa hukumu mahali pake dhaifu. Inathamini kazi lakini haina mwili: hakuna mgongo, hakuna mimba, hakuna miaka. Imemfungulia mke mlango, haikumwambia apime vipi. Na mahakama zinadai ukubwa wa mchango uthibitishwe kwa ushahidi. Chuoni sheria ya familia na sheria ya afya ni kozi mbili, siku mbili tofauti, kana kwamba anayebeba maji na anayeumwa mgongo ni wanawake wawili.

Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa pendekezo langu la utafiti: "Ushahidi?" Nitaanzia kwa wanawake waliodai talaka katika mahakama za mwanzo za Handeni na Korogwe. Nitawauliza walijibu nini walipoulizwa, "Wewe ulichangia nini?"