Milimita Tatu za Ziada: Garratt, Geji ya Mita na Gati la Homa Bay

Katika ufundi wa reli ndogo, yaani kazi ya kuunda upya njia ya treni, stesheni, injini na mabehewa kwa udogo uliopimwa, hakuna uamuzi ulioiharibia sura reli ya Afrika Mashariki kuliko ule wa kuipandisha injini ya geji ya mita juu ya reli ya milimita 16.5. Geji ni nafasi iliyopo kati ya reli mbili, na mizani ni uwiano wa mfano na kitu chenyewe. Mambo haya mawili hutegemeana, kwa maana mizani ikishachaguliwa, geji haibaki tena jambo la hiari bali ni hesabu ya kugawanya. Anayechagua mizani ya 1:76, ambayo Waingereza huitaja kuwa milimita 4 kwa kila futi, akaigawanya mita moja kwa mizani hiyo, hupata milimita 13.1. Injini iliyowekwa juu ya milimita 16.5 imeongezewa zaidi ya milimita tatu zisizo zake, na katika mizani hiyo reli iliyo chini yake inawakilisha njia yenye upana wa karibu milimita 1,257, upana ambao haukutandikwa kutoka Mombasa wala kufika Kisumu.

Kosa hili lilizaliwa Uingereza katika miaka ya 1920, wakati kampuni ya Bassett-Lowke ilipokuwa ikiuza reli za mezani. Magari ya reli ya Uingereza ni membamba kuliko ya bara la Ulaya, na mota za umeme za wakati ule zilikuwa nene kiasi cha kutoenea ndani ya miili iliyopunguzwa kwa milimita 3.5 kwa futi, mizani ambayo geji ya milimita 16.5 inalingana nayo kweli. Badala ya kuipunguza mota, mafundi waliukuza mwili hadi milimita 4 kwa futi na kuiacha reli vilevile, na chapa ya treni ndogo ya Hornby Dublo ilipotoka mwaka 1938 iliufuata mkondo huohuo, hata dharura ya mota ikageuka kuwa kanuni ya soko zima. Mota zimekuwa ndogo kama kifundo cha kidole tangu zamani, lakini reli haikurudishwa mahali pake, na huo ndio uzembe usiostahili kutetewa.

Kwa treni ya Kiingereza kasoro hiyo ni ya kiasi, kwa kuwa geji ya milimita 1,435 ilipaswa kuwa milimita 18.83 na imepunguzwa hadi 16.5, hivyo injini huonekana kama mtu aliyebana miguu. Kwa treni ya Afrika Mashariki kosa hugeuka upande wa pili, na hapo ndipo linapouma zaidi, kwa sababu linaondoa jambo lenyewe linaloitambulisha reli hiyo. Ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ulifuata geji ya mita iliyokuwa tayari imezoeleka India. Lakini katika miongo iliyofuata magari yake yaliendelea kunenepa juu ya reli ileile nyembamba. Injini ya Garratt ya daraja la 59, iliyojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa idadi ya 34, ina upana wa karibu mita 3, yaani mara tatu ya geji yake. Uwiano huo wa tatu kwa moja ndio unaomfanya mtazamaji aliyesimama mbele yake ahisi kwamba jengo zima limebebwa juu ya kamba mbili. Ukiiweka kwenye milimita 16.5, uwiano hushuka hadi kasoro kidogo ya mara mbili na nusu: magurudumu yanasogea nje, kivuli kizito kilichokuwa kati ya gurudumu na ukingo wa tangi la maji kinatoweka, na mnyama aliyekuwa akitembea kwa tahadhari juu ya njia nyembamba anageuka kuwa gari la kawaida lililochuchumaa.

Inafaa kueleza hapa kwamba Garratt ni injini ya mvuke yenye sehemu tatu, ambapo boila na chumba cha dereva huning'inia katikati juu ya fremu moja, huku seti mbili za magurudumu zikitangulia na kufuata, kila moja na silinda zake, ili uzito ugawanywe juu ya ekseli nyingi na mwili mrefu uweze kupinda kwenye kona. Kwa kuwa boila haina magurudumu chini yake, hewa huonekana waziwazi kati ya tumbo la injini na mataruma. Dirisha hilo la hewa ndilo jambo la kwanza ambalo jicho hulipima, na upana wa reli iliyo chini yake hauna pa kujificha. Mtu anaweza kufunika geji mbaya kwa sketi za injini nyingine. Kwa Garratt hawezi.

Watetezi wa milimita 16.5 husema kwamba ndiyo reli inayopatikana madukani na kwamba kutengeneza reli kwa mkono ni adhabu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito miaka sitini iliyopita, lakini kampuni ya Bemo ya Ujerumani imekuwa ikitengeneza treni za geji ya mita za milima ya Uswisi katika mizani ya 1:87 juu ya reli ya milimita 12 tangu miaka ya 1970. Mita moja ikigawanywa kwa 87 hutoa milimita 11.5, hivyo tofauti ni nusu milimita tu, na reli ya aina hiyo huuzwa ikiwa tayari imeunganishwa na mataruma yake. Faida nyingine ni nafasi: injini ya daraja la 59, yenye urefu wa karibu mita 31.7, huchukua sentimita 36 katika 1:87 badala ya karibu 42 katika 1:76, na kila sentimita iliyookolewa huirahisishia kona.

Wazee wa ufundi huu hawakuhitaji kusubiri duka. Roye England, aliyeanzisha makumbusho ya Pendon nchini Uingereza mwaka 1954, alikataa milimita 16.5 na kutandika milimita 18, kisha mwaka 1966 kikundi cha waundaji Waingereza kikaifikisha geji hadi milimita 18.83 kamili. Walifanya hivyo kwa kasoro iliyokuwa ndogo kuliko ya Garratt ya Afrika Mashariki. Ni vigumu kuona ni kwa nini reli iliyojengwa kwa maisha ya watu wengi ipewe heshima pungufu kuliko njia za mashambani za Uingereza.



Kosa la pili ni mtoto wa la kwanza, nalo ni kuipeleka daraja la 59 kila mahali kwa sababu ni kubwa na ina majina ya milima. Injini hizo ziliundwa kwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi, zikiwa na mzigo wa tani 21 kwa kila ekseli, mzigo ambao reli nyepesi za matawi hazikuweza kuuhimili. Anayetaka kulionyesha Ziwa Victoria kwa uaminifu hana budi kuanza na ukweli ambao ramani inauonyesha bila kificho: tawi lilifika Kitale, likafika Nyahururu, likafika Nanyuki, likafika Butere, lakini upande wa ziwa, hakuna reli iliyofika miji ya Homa Bay wala Migori. Huko reli ilikuwa meli.

Hapo ndipo ilipo kazi bora zaidi ya reli ndogo, na ndipo wajenzi wa meli wa zamani wanapowashinda waundaji wa leo. Meli za Reli ya Uganda zilijengwa Uskoti, zikaungwa kwa bolti, zikawekwa alama kipande kwa kipande, zikabomolewa, zikasafirishwa hadi Mombasa na kuunganishwa upya Kisumu kwa ribiti. Ndivyo ilivyokuwa kwa SS Rusinga ya mwaka 1914, iliyopewa jina la kisiwa kinachotazamana na Mbita. Kila sahani ya chuma ilikuwa na mahali pake na haikukubali nyongeza ya milimita tatu, kwa maana tundu lisilolingana na tundu lingeingiza ziwa ndani. Feri za mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilikuja katikati ya miaka ya 1960, lakini madaraja ya kuunganisha reli na sitaha yaliwekwa Kisumu, Jinja, Port Bell, Mwanza na Musoma. Kuchora reli juu ya gati la Homa Bay ili feri ipate pa kutia nanga ni kuunda historia ambayo wakazi wa huko waliingoja bila kuipata.

Mpangilio wa haki, yaani ubao mzima pamoja na mandhari yake, ungeanzia kwenye gati lenyewe: magunia ya pamba na mahindi yakibebwa mabegani hadi melini, Got Asego ikiinuka kwa umbo lake la pia nyuma ya mji, na mashua za mbao zenye rangi kali zikiwa zimevutwa ufukweni, kila moja ikiwa na urefu wa takriban sentimita 11.5 katika 1:87 kwa mashua ya mita kumi. Omena walioanikwa juu ya nyavu hawapaswi kuundwa mmoja mmoja, kwa kuwa samaki wa sentimita tano huwa na nusu milimita tu katika mizani hiyo. Unatosha mng'ao wa fedha uliopakwa kwa brashi kavu juu ya kitambaa chenye matundu, mng'ao ambao hubadilika jicho linaposogea kama unavyobadilika kwenye fuo za Karungu na Muhuru Bay. Nidhamu hiyo ya kipimo si ngeni huko: watoto wa Migori wanaosuka malori ya waya na kuyakatia magurudumu kutoka kwenye ndara zilizochakaa huanza kwa kupima upana wa ekseli dhidi ya bodi, na lori lao likikaa vibaya hulifumua kabla ya kulisukuma barabarani. Reli, mataruma na Garratt vingebaki upande wa pili wa ubao, Kisumu, kwenye milimita 12, vikitenganishwa na Homa Bay kwa kipande kirefu cha maji ambacho meli pekee ndiyo ingeruhusiwa kukivuka.