Kushinda na Kushindwa

Jioni hapa Titye, watu warudipo mashambani, husalimiana: "Umeshindaje?" Mgeni aweza kudhani palikuwa na vita. Mwenyewe hujibu, "Nimeshinda salama," hata kama ngedere wamemmalizia mahindi.

Neno hili lina kazi nyingi. Kushinda ni kupitisha mchana. Ni kumzidi mwenzako. Ni hata kipimo, tusemapo huyu mrefu kushinda yule. Jirani zetu Warundi wana maneno mawili: gutsinda ni kumzidi mtu, kwirirwa ni kupitisha mchana, na huko ndiko itokako salamu yao ya mwiriwe. Kama maana zetu zina asili moja au zimekutana tu, hilo nawaachia wanaisimu. Mimi naona kwamba zikikaa pamoja kinywani zinasahihishana. Ukisikia "watoto wameshinda njaa", je, wameishinda, au wamekaa nayo kutwa? Kila mama anajua jibu.

Ugomvi wangu ni na "ushindi wa kishindo", usemi wanaoupenda wanasiasa wetu. Kishindo ni mlio wa kitu kizito kinapoanguka. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais, na usemi huo ukavuma. Mwaka 2010 alipata kama asilimia 61, na waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Kisheria huo nao ni ushindi. Lakini kishindo hakituambii habari za waliobaki majumbani. Siku ile wao nao walishinda, kwa maana ile nyingine.

Tena lugha yetu imemwonea anayeshindwa. Tunalo neno mshinde, lakini ni nani alitumiaye leo? Tunasema "ameshindwa", neno lile lile la mtu asiyeweza kazi. Aliyepungukiwa kura chache anabandikwa sifa ya asiyefaa. Si ajabu akakataa matokeo. Ndipo hutupiwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa maoni yangu methali hii hutumiwa vibaya, kumnyamazisha mtu baada ya matokeo. Mahali pake ni kabla ya mashindano, na inawahusu wote wawili, hata yule ambaye baadaye atashangilia.

Nawafahamu majirani wawili waliogombea uongozi wa kijiji. Baada ya kura hawakusalimiana kwa masika mawili. Jioni moja walikutana kisimani, na yule aliyekosa akaanza: "Umeshindaje, ndugu yangu?" Mwenzake alisita, akidhani anakejeliwa. Kisha akajibu, "Nimeshinda salama. Wewe je?"

"Nami nimeshinda."

Wakachota maji, wakapanda kilima pamoja. Tangu siku hiyo sijasikia tafsiri ya neno hili iliyonitosheleza zaidi.