Vazi Lililomeza Sura: Mwanamke Mlimbwende katika Rangi za Maji za Constantin Guys

Mchoraji Constantin Guys alizaliwa Vlissingen, Uholanzi, mwaka 1802, akafariki Paris mwaka 1892. Wengi wetu tunamjua kwa njia ya mshairi Baudelaire tu, aliyemwandikia insha «Le peintre de la vie moderne», iliyochapishwa katika gazeti Le Figaro mwaka 1863. Insha husomwa madarasani. Picha zenyewe hutazamwa na wachache. Katika makala haya tunakusudia kurudi kwenye picha, kwani tunaona kwamba sifa za mshairi zimefunika swali moja zito.

Tuchukue umbo analolirudia mara nyingi: mwanamke mlimbwende wa Paris, amevaa krinolini, yaani sketi pana iliyotanuliwa kwa pete za chuma. Guys hakumketisha mtu mbele yake. Alitazama barabarani, bustanini na kwenye majumba ya michezo, kisha akachora kwa kumbukumbu. Alianza kwa mistari myepesi ya kalamu ya risasi, akafuatisha rangi za maji tabaka juu ya tabaka, mwishowe akakaza mipaka ya umbo kwa wino. Nayo kumbukumbu huchagua. Hapa imechagua mwendo na uzito wa kitambaa: sketi inajaa karatasi kama kengele, ilhali uso umeachiwa alama chache tu, macho meusi na mdomo mdogo.

Ustadi huo hatuukatai. Guys alitambua kuwa vazi ni lugha. Bibi mwenye gari la farasi katika Bois de Boulogne na mwanamke wa danguro wote wawili aliwavika mtindo ule ule. Tofauti yao haimo katika kitambaa, imo katika mkao wa mwili. Mwanaisimu atakumbuka hapa kwamba neno moja hubadili maana kulingana na sentensi linamotumika.

Hata hivyo, Baudelaire anapodai kwamba mwanamke na vazi lake ni kitu kimoja kisichogawanyika, sisi tunasita. Pasipokuwa na mpaka kati ya mtu na nguo yake, ni nani anayechorwa? Guys alimwomba mshairi asimtaje jina, naye akamwita «M. G.» tu. Mchoraji alijificha kwa hiari yake. Mwanamke hakuulizwa.

Linganisha na mamba muntu, picha iliyopambia sebule nyingi za Lubumbashi katika miaka ya 1970. Yeye pia ni mrembo asiye na ukoo, mwenye nywele ndefu na saa mkononi. Lakini mwenye nyumba alijua kwamba kiumbe huyo hutoa mali na kudai malipo. Anayemtazama ana deni kwake. Kwa Guys, mtazamaji hadaiwi chochote: ameona, amependezwa, amepita.

Kwa maoni yetu, Guys ni shahidi mwaminifu wa mavazi ya enzi ya Napoléon wa Tatu, na bingwa wa mwendo. Lakini tusiziite picha hizi za watu. Mwalimu atakayezionyesha darasani awaulize wanafunzi kwanza waeleze uso. Kimya kitakachofuata ndicho uhakiki wenyewe.