Sekunde 34 kati ya amapiano na singeli

Nilijirekodi nikiunga ngoma mbili, amapiano ikitoka na singeli ikiingia, kisha nikakaa kusikiliza kama mtu anayekagua daftari la madeni. Rekodi ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Ya saba ikakaa. Ngoma ni zilezile, kontrola ni ileile ya chaneli mbili, ya bei ya mwanafunzi.

Tuanze na namba. Amapiano yangu ilikuwa na mapigo 112 kwa dakika, singeli 220. Lakini kwenye skrini singeli iliandikwa 110. Programu za kudijei huwekewa mipaka ya kukisia kasi, na singeli hupenda kuruka nje ya mipaka hiyo, basi hukatwa nusu. Kwa anayeanza hii ni bahati: pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli, na kazi iliyobaki ni kusogeza slaida ya kasi kwa chini ya asilimia 2. Watu hawataona kasi imebadilika. Wataona tu miguu yao imepata kazi maradufu.

Ugumu ni kulisikia hilo pigo. Amapiano nyingi hazina dramu nzito inayogonga kila pigo, ukiisubiri utapotea. Sikiliza mchakacho wa kayamba unaopita juu, huo hauchoki wala hauruki. Hedifoni sikio moja, sikio la pili kwenye spika, na mkono ukigusa ukingo wa sahani kidogo tu pale singeli inapoanza kubaki nyuma. Kidogo kweli, wengi wetu mwanzoni huisukuma kama tunasukuma gari lililozima.

Halafu hesabu. Muziki wa kuchezea hujengwa kwa mapigo manne manne, na mambo mapya huingia kila baada ya fungu la mapigo 16, 32 au 64. Katika rekodi ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kuanza katikati ya fungu, pigo la saba au la nane hivi. Mapigo yalikutana sawasawa, ila ngoma hazikuelewana: kinanda cha singeli kilipanda wakati amapiano haijamaliza kusema. Safari ya saba nilisubiri pigo la kwanza la fungu jipya ndipo nikaiachia. Mapigo 64 kwa kasi ya 112 ni sekunde 34. Huo ndio uwanja wote niliokuwa nao.

Ndani ya sekunde hizo, kazi kubwa ilifanywa na nobu ya besi. Ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo tupu hujaza chini kote, na singeli nayo ina mdundo wake mzito. Ukiziachia zote mbili, spika hukoroma na hakuna inayosikika. Kwa hiyo singeli iliingia besi yake ikiwa imefungwa kabisa, ikisikika kwa juu tu, kama sherehe ya nyumba ya pili. Nikainua sauti yake taratibu kwa mapigo 32. Pigo la kwanza la nusu ya pili, mikono miwili kwa wakati mmoja: besi ya amapiano chini, ya singeli juu. Hapo ndipo mtaa wa Manzese, Dar es Salaam, ulipoingia chumbani. Krosifeda, ile slaida ya kuhamia chaneli moja hadi nyingine, sikuigusa, iliachwa katikati.

Makosa mengine ya rekodi ya kwanza yalikuwa ya kifundi tu. Taa za chaneli zilikuwa nyekundu, sauti ikapasuka, na nilipopunguza sauti ya spika ilibaki imepasuka vilevile. Sauti ya kila chaneli hupimwa pale ngoma inapopiga kwa nguvu zaidi, taa ziishie kijani na kugusa njano, kisha spika ndiyo ipandishwe mwisho. Nilikuwa pia nimetumia spika ya Bluetooth, kosa ambalo nimeliona kwa vijana wengi. Sauti yake hufika imechelewa, hivyo sikio la hedifoni na sikio la spika husikia nyakati mbili tofauti. Tumia waya, kutoka kwenye kontrola na si kwenye kompyuta.

Kitufe cha sinki? Kibonyeze, si dhambi. Kinalinganisha kasi na mapigo, lakini wapi mwimbaji anamaliza hoja yake hakijui. Na kwenye muziki wa dansi wa miaka ya 1970, ambapo mpiga dramu ni binadamu anayeongeza mwendo akinogewa, kitakuaibisha kabla ya kiitikio.

Rekodi ya saba nayo ina dosari. Sekunde ya 29, mghani wa singeli anaanza wakati yule wa amapiano bado anavuta neno la mwisho, na sauti mbili zinagongana. Nimeweka alama mpya kwenye ngoma: kesho singeli itaingia mapigo 16 baadaye, kama sekunde 9, mwenye nyumba akipenda.